Walihamishwa Kutoka Mtoni, Je Maji Yaliwafuata? Historia Fupi ya Maji na Choo Mchukwi na Rufiji



Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa, ukaipita Mkuranga na kuingia wilaya ya Kibiti, vijiji vinakupokea kimoja baada ya kingine pembezoni mwa lami. Mikorosho, miembe, minazi, mashamba ya mihogo, akina mama na mafungu yao ya matunda. Mchukwi ni kimojawapo cha vijiji vya ukanda huu. Wengi wanakijua kwa sababu ya hospitali ya misheni iliyopo pale, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa moja kati ya hospitali mbili tu za wilaya nzima ya Rufiji. Nyingine ni ile ya serikali kule Utete. Wakati huo Kibiti ilikuwa bado ndani ya Rufiji, ikaja kumegwa kuwa wilaya katikati ya miaka ya 2010.

Abiria anayepita kwa basi anaweza kudhani vijiji hivi vimekaa hivi hivi tangu enzi za mababu. La hasha! Watu wengi wa ukanda huu wa juu wana asili ya bondeni, kule mto ulipo. Walipandishwa huku. Na mimi naamini kwamba huwezi kuelewa kwa nini kijiji cha Rufiji au Kibiti hakina maji safi mpaka kwanza uulize: hawa watu walifikaje hapa walipo, na waliahidiwa nini walipokuja?

Tuanze na mto wenyewe. Rufiji ndio mto mkubwa kuliko yote Tanzania. Unakusanya maji ya Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu, yaani maji kutoka sehemu kubwa ya kusini mwa nchi, na kuyamwaga Bahari ya Hindi kupitia delta yenye msitu mkubwa wa mikoko. Kwa Warufiji mafuriko hayakuwa balaa tupu. Mto ukifurika uliacha udongo wenye rutuba, na maji yakishapungua watu walipanda tena katika unyevu uliobaki. Kilimo hicho wanakiita mlau. Wakati wa mpunga familia zilihamia shambani na kuishi kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, ili kulinda mazao dhidi ya ndege, nguruwe na nyani huku maji yakipita chini.

Maji ya kunywa yalitoka mtoni, kwenye mabwawa na kwenye visima vifupi vya kuchimba kwa mkono. Tusijidanganye kwamba yalikuwa safi. Kichocho, minyoo na kuhara vilikuwepo, na mamba nao hawakukosa sehemu yao. Ila maji yalikuwa karibu. Mama hakutembea nusu siku kutafuta ndoo moja.

Na neno maji katika wilaya hii lina uzito wake. Ni Ngarambe, Rufiji hii hii, ambako Kinjikitile Ngwale aliwagawia watu maji ya dawa kabla ya vita vya Maji Maji, na ni Mohoro, Rufiji hii hii, ambako Wajerumani walimnyonga Agosti 1905. Tangu hapo kila mtawala aliyefika Rufiji amekuja na ahadi yake kuhusu maji.

Serikali yetu huru nayo ilikuwa na ahadi. Desemba 1962, akihutubia kama Rais wa kwanza wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba bila watu kuishi pamoja vijijini hatutaweza kuwa na shule, hospitali wala maji safi ya kunywa. Hoja ile ilikuwa na mantiki. Nyumba moja hapa, nyingine maili mbili kule, bomba utalipitisha wapi? Likaja Azimio la Arusha Februari 1967, na baadaye mwaka huo huo Ujamaa Vijijini.

Kisha mto ukaamua kuharakisha mambo. Mwaka 1968 Rufiji ilifurika vibaya. Mashamba yalizama na watu wakahitaji chakula cha msaada, jambo ambalo serikali ilikwisha kuchoka nalo kwa sababu lilijirudia. Mwaka 1969 ikaanza operesheni ya kuwahamisha watu wa bondeni na kuwapandisha kwenye miinuko ya kaskazini na kusini mwa mto, katika vijiji vya ujamaa. Hii ilikuwa miongoni mwa operesheni za kwanza kabisa za aina yake nchini, miaka minne kabla ya Operesheni Vijiji iliyohamisha mamilioni ya Watanzania kati ya 1973 na 1976. Tunapozungumzia vijiji vya ujamaa huwa tunakimbilia Dodoma au Kigoma, tunasahau kwamba Rufiji ilitangulia.

Kule juu mafuriko hayafiki. Lakini na mto pia haufiki! Hapo ndipo penye kiini cha habari yote hii. Ardhi ya miinuko hii ni ya kichanga kwa sehemu kubwa, mvua ikinyesha inanywewa. Visima vifupi hukauka kiangazi. Shamba la mpunga limebaki bondeni, nyumba ipo juu, na katikati kuna mwendo. Mtu aliyekuwa akiteka maji hatua chache kutoka mlangoni sasa anategemea serikali impelekee. Yaani kwa kumhamisha, serikali ilijitwisha deni. Kabla ya 1969 kama Mrufiji hana maji safi, ungeweza kusema ni shida ya asili. Baada ya 1969 ni deni.

Je, serikali ilikusudia kulilipa? Kwa haki kabisa, ndiyo. Mwaka 1971 ulizinduliwa mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Lengo lake lilikuwa kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji awe na maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Na maji hayo yawe bure. Kabla ya hapo halmashauri zilitakiwa kuchangia, lakini katika miaka ya 1960 serikali kuu ilianza kubeba gharama zote za ujenzi na baadaye hata za uendeshaji. Wafadhili wakagawana mikoa kama watu wanaogawana mafungu ya samaki: Waswidi kanda ya Ziwa, Wafini Mtwara na Lindi, Wadenishi Iringa, Mbeya na Ruvuma, Waholanzi Shinyanga na Morogoro. Mkoa wa Pwani pamoja na Dar es Salaam, mpango wake mkuu wa maji uliandaliwa kwa msaada wa Canada.

Angalia sasa kilichotokea. Kila mfadhili alikuja na pampu yake na injini yake, na vipuri vyake vilivyopatikana kwao tu. Mwaka 1972 serikali ikafuta halmashauri za wilaya kwa jina la madaraka mikoani, hivyo chombo kilichokuwa karibu na mwanakijiji kikaondoka, na fundi wa maji akawa mtu wa mkoani. Bei ya mafuta ikapanda duniani kuanzia mwishoni mwa 1973. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwaka 1978 tukaingia vitani na Idi Amin. Wazee wetu wanaikumbuka miaka iliyofuata kwa foleni za sukari na sabuni. Kama sabuni haikupatikana, dizeli ya pampu ya kijijini ingetoka wapi? Halmashauri ziliporudi mwaka 1984, mabomba mengi vijijini yalikuwa yamekwisha nyamaza. Mwaka 1991 ukafika. Lengo la mita 400 lilikuwa bado mbali sana.

Hapo ndipo nataka tuiangalie habari ya choo, maana huwa tunaisahau kila tunapozungumzia maji.

Watu wakiishi mbalimbali, kila mtu na eneo lake, kwenda porini ni tabia mbaya yenye madhara machache. Ukiwakusanya mahali pamoja wakiteka visima vile vile, tabia hiyo hiyo inakuwa hatari kwa kijiji kizima. Kwa hiyo kijiji cha ujamaa bila choo kilikuwa kiberiti kinachosubiri moto. Serikali ililijua hilo. Mwaka 1973 ikaendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo mpaka leo wasomi wa elimu ya watu wazima duniani wanaitolea mfano.

Ilifanyikaje? Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa vitabu vyepesi na vipindi vya Radio Tanzania kwa wiki 12. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa. Jirani walikusanyika kwenye redio moja, wakasikiliza, wakasoma, wakajadili, na kabla hawajatawanyika walitakiwa waamue watafanya nini. Wafyeke majani? Wafukie madimbwi? Wachimbe vyoo? Takribani watu milioni mbili walishiriki, katika nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 14. Vyoo vilivyochimbwa vinakadiriwa kwa mamia ya maelfu.

Linganisha mambo hayo mawili. Pampu ilikuja na injinia kutoka mbali, ikazinduliwa kwa ngoma na hotuba, ikafa kwa kukosa mpira wa shilingi chache. Choo cha shimo kilichimbwa kwa jembe la nyumbani, kikajengwa kwa miti, udongo na makuti. Kikibomoka mwenyewe anajua pa kuanzia. Siku redio ilipomaliza vipindi vyake wiki ya 12, jembe halikuondoka na watangazaji.

Nisije nikaeleweka vibaya. Choo cha shimo hakikumaliza kazi, na Rufiji ndiyo shahidi. Kwenye mchanga wa miinuko shimo lisilojengewa kuta linabomoka. Kule delta hali ni ngumu zaidi: ukichimba kidogo tu umekutana na maji, na bamvua likija, au mto ukifurika, kilichomo shimoni kinatoka kwenda kwa jirani. Visima vingi vya delta navyo vina maji ya chumvi, hivyo watu hulazimika kufuata maji baridi kwa mitumbwi. Huwezi kumpelekea mtu wa delta choo kile kile unachompelekea mtu wa Mchukwi ukategemea matokeo yale yale.

Ushahidi mchungu ulikuja mwishoni mwa 1977. Kipindupindu kililipuka nchini, na Rufiji ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia. Kumbuka Rufiji ya wakati ule: barabara ya vumbi kiangazi na tope masika, pantoni pale Ndundu (Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003 tu), na delta isiyofikika ila kwa chombo cha majini. Mgonjwa wa kipindupindu anaweza kufa ndani ya saa chache kwa kukaukiwa maji mwilini. Huyo hawezi kusubiri pantoni.

Tulifanya nini? Tuligawa vidonge. Dawa ya tetrasaiklini ilitolewa kwa wagonjwa, na pia kwa wingi kwa watu wazima wa afya ili kuwakinga. Profesa Fred Mhalu na wenzake waliandika matokeo yake katika jarida la Lancet mwaka 1979: mwanzoni mwa mlipuko vimelea vyote viliuawa na dawa hiyo, lakini baada ya miezi mitano tu asilimia 76 ya vimelea vilivyopimwa vilikuwa sugu. Miezi mitano! Tulijaribu kuziba kwa vidonge pengo la maji safi na choo, na tukaishia kuiharibu hata dawa.

Wakati huo huo dunia nayo ilikuwa inajifunza. Umoja wa Mataifa ulitangaza miaka ya 1981 hadi 1990 kuwa muongo wa maji ya kunywa na usafi wa mazingira. Katika muongo huo wataalamu walianza kujiuliza swali ambalo mwanakijiji yeyote angewauliza tangu mwanzo: hii pampu ikiharibika nani ataitengeneza? Ndipo ikabuniwa pampu ya mkono ya Afridev, iliyofanyiwa kazi Malawi na Kenya. Ilitengenezwa ili watu wa kijiji wenyewe, wanawake kwa wanaume, waweze kuifungua kwa vifaa vichache na kubadilisha vipuri bila kusubiri gari la mkoani. Ni fikra ile ile ya jembe na choo, safari hii imehamia kwenye kisima.

Hapa kwetu sera ya maji ya 1991 iliaga habari ya maji bure, na sera ya 2002 ikasema wazi kwamba jamii ndiyo mmiliki wa mradi na ndiyo itakayogharamia uendeshaji. Kimaandishi ni fikra nzuri. Kwa vitendo, mara nyingi ilikuwa njia ya serikali kuutua mzigo. Kamati ya maji ilipewa ufunguo wa pampu bila kufundishwa hesabu, bila duka la vipuri karibu, na bila mtu wa kuikagua. Fedha za ndoo zikikusanywa hazisomwi mkutanoni. Wananchi wakiona hivyo wanaacha kulipa, na pampu ikiharibika hakuna cha kuitengenezea. Serikali ilipohesabu vituo vya maji vijijini nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2010, karibu vinne kati ya kila kumi vilikuwa havifanyi kazi. Siyo kwamba havikujengwa. Vilijengwa, vikazinduliwa, vikafa.

Na hili la kuhesabu, Rufiji ina la kuifundisha nchi. Kuanzia miaka ya 1990 mwishoni, vijiji vya wilaya hii viliwekwa kwenye mfumo wa kuandikisha kaya, vizazi na vifo. Kupitia mradi ulioitwa TEHIP, uongozi wa afya wa Rufiji na wa Morogoro Vijijini ulianza kutazama kwanza watu wanakufa kwa nini, halafu ndio ugawe bajeti. Nyongeza ya fedha ilikuwa ndogo sana kwa kila mtu. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka mitano hadi 2003. Hakikuwa kiini macho. Walijua tatizo lipo wapi, na fedha wakaipeleka huko huko. Je, tunaweza kufanya hivyo kwa visima? Kwamba kila mwaka kijiji kijue vituo vyake vingapi vinatoa maji, vingapi vimekufa na kwa nini, kabla ya kuomba mradi mwingine?

Tangu 2019 tuna sheria mpya na chombo kipya, RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini. Zile kamati zimegeuzwa kuwa vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, vinavyotakiwa kuwa na watu wenye ujuzi wa hesabu na ufundi. Ni hatua, na naipongeza. Mwaka 2024 hata jina la Mtu ni Afya lilifufuliwa kwa kampeni mpya ya kitaifa. Ila ninachokumbuka kuhusu ile ya kwanza ni vikundi, na lile swali la mwisho wa kikao: sisi hapa tutafanya nini? Kampeni ya mabango na wasanii bila vikundi hivyo itakuwa na jina la 1973 bila nguvu ya 1973.

Mwaka 2024 huo huo mto ulirudi. Aprili, Rufiji na Kibiti zilikumbwa na mafuriko makubwa, mashamba na nyumba vikazama, na viongozi wakafika kuwahimiza wananchi wa mabondeni wahamie maeneo ya juu. Nikasema, hii hadithi nimeisoma! Ni 1968 na 1969 tena. Sipingi watu kuhama kutoka kwenye hatari. Maisha ya mtu yana thamani kuliko shamba la mpunga. Lakini vijiji vya ukanda wa Mchukwi vipo pale kutukumbusha kwamba kumpandisha mtu mwinukoni ni nusu ya kazi, na kwamba ile nusu ya pili imechukua zaidi ya miaka 50 na bado haijaisha.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Rufiji na Kibiti, mkiitwa kwenye mkutano wa kijiji mkaelezwa habari za kuhama au za mradi mpya wa maji, msikae kimya. Ulizeni kabla ya kupiga makofi. Kisima kitachimbwa kabla watu hawajahamia, au baada? Pampu hii vipuri vyake vinauzwa wapi, Kibiti au Ulaya? Fedha za ndoo zitasomwa lini na nani? Na choo chetu kitakuwa cha namna gani katika udongo huu tulio nao? Kiongozi mwenye majibu hatakasirika kuulizwa. Asiye na majibu, afadhali ajulikane mapema.

Wenye wazazi au babu na bibi waliohama mwaka 1969, waulizeni walikuwa wanateka maji wapi mwaka ule wa kwanza kule juu. Waandikeni wanachokumbuka, wakiwa bado wapo. Hiyo nayo ni historia ya taifa hili, na wanaoijua wanazidi kupungua.

Tutafakari pamoja. Alamsiki.